Aliyetumwa na Kinachotumiwa: Maana na Asili ya Kitenzi *Tuma*

Ikisiri

Makala haya yanachunguza asili na maana ya kitenzi *tuma* pamoja na maneno yaliyozaliwa nacho, hasa *tumia*, *mtume*, *mtumwa* na *mtumishi*. Kwa kutumia ulinganishi wa lugha za Kibantu na ushahidi wa kimofolojia uliomo ndani ya Kiswahili chenyewe, yanadai kwamba *tumia* ya 'kupelekea' na *tumia* ya 'kufanyia kazi' ni kitenzi kimoja kilichogawanyika, na kwamba maana ya *mtumwa* ni matokeo ya mabadiliko yaliyotokea katika Kiswahili, si urithi wa Mame-Bantu. Kwa msingi huo, makala yanahakiki namna kamusi za lugha moja na baadhi ya tafsiri zinavyouficha undugu wa maneno haya.

Utangulizi

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiulizwa *amenitumia* maana yake nini, leo hujibu bila kusita: amenitumia pesa. Tangu huduma ya M-Pesa ianze nchini Kenya mwaka 2007, yambwa ya pili ya kitenzi hiki imekuwa haitajwi tena, inaeleweka. Lakini mwanafunzi huyohuyo, akilisikia neno hilo likisemwa kwa uchungu na mtu aliyeachwa na mpenzi au aliyegeuzwa ngazi na rafiki, haulizi ni kiasi gani kilichotumwa. Anajua kwamba huyo aliyesema amefanywa chombo. Umbo ni moja, viambishi ni vilevile, na hakuna tofauti ya matamshi. Swali la makala haya ni iwapo tuna maneno mawili yaliyogongana kwa bahati, au neno moja lenye historia ndefu.

Swali hili si la wanaetimolojia peke yao. Jibu lake linaamua jinsi tunavyopanga vidahizo katika kamusi, tunavyofundisha kauli ya kutendea, na tunavyolisoma neno *mtumwa*, ambalo katika lugha ya pwani iliyopitia biashara ya watu haliwezi kuwa neno la kawaida.

Mzizi na ndugu zake

Kuhusu mzizi wenyewe hakuna ubishi mkubwa. Guthrie (1967–1971), na baadaye watafiti wa Tervuren, wanauweka katika Mame-Bantu wenye maana ya 'peleka mtu au ujumbe', na umesambaa kutoka Kongo hadi kusini mwa bara: Kikuyu *tũma*, Kiganda *tuma*, Kinyarwanda na Kirundi *gutuma*, Kikongo *tuma*, Kichewa *tuma*, Kishona *tuma*, Kizulu *thuma*. Irabu yake ni ile ya juu isiyobana sana, yaani *ʊ. Kikuyu kinaihifadhi kwa kuandika *ũ*, na Kiswahili kinatoa ushahidi wake kwa njia nyingine: *t* imebaki *t*. Ingekuwa irabu ile ya juu kabisa, Kiswahili kingetupa *f*, kama ilivyotokea katika *fua* ya mhunzi, ambayo Kikuyu kinaijibu kwa *tura* yenye *u* kamili. Hivyo sauti na maana zinakubaliana, na hatuna sababu ya kutafuta asili ya *tuma* nje ya Kibantu.

Inafaa kuondoa hapa neno moja linalochanganywa na kundi hili. *Tumaini* na kifupi chake *tumai*, tunachokikuta katika methali *Mtumai cha ndugu hufa maskini*, havina uhusiano na *tuma*. Vimetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kutulia moyo. Maelezo kwamba mwenye kutumaini 'ameutuma moyo wake' yanapendeza masikioni, lakini hayana msingi.

Sifa ya pekee ya *tuma* inaonekana inapolinganishwa na *peleka*. Anayepeleka aghalabu huenda yeye mwenyewe: *nilimpeleka mtoto hospitali* humaanisha kwa kawaida kwamba nilifuatana naye. Anayetuma habanduki alipo. *Nilimtuma mtoto dukani* ni sentensi yenye watu wawili na miguu ya mmoja tu. Mtumaji ndiye mwenye nia, na mtumwaji ndiye mwenye mwendo. Yambwa ya *tuma*, kwa asili, si kitu kinachohamishwa bali ni mtu anayetenda kwa niaba ya nia isiyo yake. Barua, pesa na salamu zimeingia baadaye katika nafasi hiyo, kwa kuwa kila kimojawapo kina mchukuzi aliyefichwa. Kinyarwanda na Kirundi vimekwenda mbali zaidi katika mwelekeo huohuo: *gutuma* humaanisha pia 'kusababisha', yaani sababu humtuma tokeo.

Sifa hii ya nia kutengana na mwendo ndiyo, kwa maoni yangu, ufunguo wa yote yanayofuata.

Tumia: kitenzi kimoja au viwili?

Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilifuata utaratibu wa kukusanya minyambuliko chini ya mzizi wake. Utaratibu huo ulimtesa msomaji asiyejua kuchambua neno, lakini ulimwonyesha ukoo. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya TUKI (1981) na zilizoifuata zilichagua mpangilio wa alfabeti, zikakipa *tumia* kidahizo chake na kuyapeleka *mtume*, *mtumwa* na *mtumishi* kwenye herufi M. Siulaumu uamuzi huo. Kamusi ya lugha moja ni ya mtumiaji wa kila siku. Ninachokilaumu ni kwamba baada ya kutenganishwa, maneno haya hayaelekezwi tena nyumbani. Msomaji anaachwa adhani kwamba *tumia* ya 'fanyia kazi' ni shina lisilo na mzazi.

Ushahidi kwamba ina mzazi umo ndani ya neno *matumizi*. Nomino hii haiwezi kuelezwa tukianza na *tumia* ya leo, maana hiyo *z* haina pa kutokea. Inaelezeka tu tukirejesha kiambishi cha kutendea katika umbo lake la kale, *-il-*, ambalo Kikuyu (*tũmĩra*), Kiganda (*tumira*) na Kinyarwanda (*gutumira*) bado vinalo kama *-ir-*. Kiswahili kilidondosha *l* hiyo kati ya irabu, tukabaki na *tumia*. Lakini ilipofuatwa na kiambishi cha kuundia nomino *-i*, *l* iligeuka *z* kabla ya kupata nafasi ya kudondoka: *tumil-i* ikawa *tumizi*. Mchakato ni uleule uliotupa *mwokozi* kutokana na *okoa*, *mtetezi* kutokana na *tetea*, na *uangalizi* kutokana na *angalia*. Hivyo *matumizi*, neno ambalo halina hata chembe ya maana ya kutuma barua, limebeba ndani yake kiambishi cha kutendea cha kitenzi *tuma*.

Umbo limethibitika, maana bado. Lugha nyingi za Kibantu huunda dhana ya 'kutumia' kwa njia tofauti kabisa, yaani kwa kukisababisha kitu kifanye kazi. Kiganda kina *kozesa* kutoka *kola*, Kinyarwanda kina *gukoresha* kutoka *gukora*, Kishona kina *shandisa* kutoka *shanda*, Kizulu kina *sebenzisa* kutoka *sebenza*. Hizi zote ni kauli za kutendesha: chombo hufanyishwa kazi. Kiswahili, na Kikuyu pamoja nacho katika *tũmĩra*, vimepita njia ya kutuma. Kinyarwanda nacho kilipokipa kitenzi hikihiki kauli ya kutendea kilifika mahali pengine: *gutumira* ni 'kualika', yaani kutuma mtu akamwite mgeni. Mzizi ni mmoja, kiambishi ni kimoja, na mgeni wa heshima huku ni chombo cha kazi kule.

Kiswahili kilifikaje hapo? Maelezo yanayotolewa mara kwa mara madarasani ni kwamba 'tumia' ni 'tuma kwa ajili ya': unamtuma mtu kwa ajili ya kazi fulani, na hivyo unamtumia. Maelezo haya yana tatizo la kisintaksia ambalo sijaona likijibiwa. Katika kauli ya kutendea ya kawaida, yambwa inayosogezwa karibu na kitenzi ni ile ya mtendewa. *Nilimtumia mama barua*: mama ndiye mpokeaji, na barua ndiyo iliyotumwa. Lakini katika *nilitumia kisu*, kisu si mpokeaji. Hakuna kilichotumwa kwa kisu. Nafasi ya yambwa imeshikwa na kile ambacho, kwa mantiki ya *tuma*, ni mtumwa mwenyewe.

Ninapendekeza kwamba mlango ulikuwa muundo wa kitenzi-jina chenye kihusishi cha *-a* unganifu, ambao Kiswahili huutumia kwa wingi kutajia ala: *kalamu ya kuandikia*, *uzi wa kushonea*, *kisu cha kukatia*. Hapa kiambishi cha kutendea hakiongezi mpokeaji, kinaonyesha kifaa. Mtu wa kutumia, katika muundo huo, ni mtu ambaye kwaye mambo hutumwa: tarishi, kijana wa nyumba, mtu aliyewekwa kwa ajili hiyo. Wasemaji waliposikia *mtu wa kutumia* wakakitafsiri upya kitenzi chenyewe kuwa kina mtu huyo kama yambwa, walipata *kumtumia mtu*, na kutoka kwa mtu hadi kisu hatua ni fupi. Nguvu ya pendekezo hili ni kwamba linaeleza kwa nini *tumia* ni cha pekee. Hatusemi *nimeiandikia kalamu* tukimaanisha kwamba kalamu ilikuwa kifaa, ila *nimeitumia kalamu* tunasema kila siku. Ala iliyokaa katika nafasi ya yambwa ni alama ya uchanganuzi-upya, na haikutokea kwa vitenzi vingine vya kundi hili.

Mpinzani anaweza kusema kwamba uchanganuzi huu unageuza mpangilio: huenda maana ya 'kutumia vitu' ilitangulia, na ya watu ikafuata kama sitiari ya kudhalilisha. Ningekubali kama *tuma* yenyewe ingekuwa na vitu kwa yambwa tangu mwanzo. Lakini tumeona kwamba yambwa yake ya asili ni mtu. Uchungu wa *amenitumia* haukuletwa na sitiari mpya.

Jambo la *tumika* nitaligusa kwa ufupi tu. Ziko mbili. *Alitumika jeshini miaka kumi* imetoka moja kwa moja katika *tuma* kwa kiambishi cha kutendeka: alikuwa katika hali ya kutumwa, yaani alihudumu. *Kalamu hii bado inatumika* imetoka katika *tumia*, kama *angalika* ilivyotoka katika *angalia*. *Tumikia*, *tumikisha* na *utumikishwaji wa watoto* vimejengwa juu ya ile ya kwanza. *Mtumishi* nacho ni wa ile ya kwanza. *Sh* yake ni *k* iliyolainishwa na *i*, kama katika *mpishi* na *mwandishi*. Wanaokitoa *mtumishi* katika *tumisha*, na nimesoma tasnifu kadhaa zinazofanya hivyo, wanalazimika kueleza kwa nini mtumishi ni yule anayehudumu na si yule anayehudumisha wengine.

Mtume na mtumwa

Kiswahili kina nomino mbili za kale za 'aliyetumwa'. Moja imeundwa kwa *-e*, kiambishi kinachotoa mtendwa, kama katika *kiumbe* na *mteule*. Nyingine imeundwa kwa *-w-* ya kutendwa, kama katika *mfungwa* na *mpendwa*. Kimuundo zote mbili zina maana moja. Katika matumizi, moja imepanda hadi kwa wajumbe wa Mwenyezi Mungu na nyingine imeshuka hadi kwa mtu anayeuzwa. Hata wingi wao umetengana: *watumwa* wako katika ngeli ya watu, ilhali *mitume* wamechukua kiambishi *mi-* pamoja na *miungu* na *mizimu*, huku upatanisho wao ukibaki wa watu.

Ulinganishi unaonyesha ni tawi lipi lililohama. Katika Kinyarwanda na Kirundi *intumwa* ni mjumbe, na ndilo neno la Biblia kwa wanafunzi wa Yesu waliotumwa. Kikongo kina *ntumwa* kwa maana hiyohiyo, Kikuyu *mũtũmwo*, Kichewa *mtumwi*. Ni kweli kwamba maana ya kidini katika lugha hizo imetiwa na wamisionari. Lakini walilichagua neno hilo kwa sababu lilikuwa tayari neno la mjumbe mwenye heshima. Kwa Kiswahili wasingeweza. *Mtumwa* lilikuwa limekwisha chukuliwa. *Mtume* nalo lilikuwa na karne za matumizi miongoni mwa Waislamu wa pwani, ambao walilitumia kwa *rasuli*, neno la Kiarabu lililotokana nalo na kitenzi cha kutuma. Wafasiri wa Kikristo wakaliazima kwa neno la Kigiriki ambalo, kwa bahati njema, nalo lina maana ya aliyetumwa. Ni nadra dini mbili kukutana katika neno moja kwa usahihi wa namna hii.

Kwa hiyo kushuka kwa *mtumwa* ni tukio la Kiswahili. Sioni haja ya kulieleza kwa tasfida peke yake, kana kwamba mabwana walitafuta neno la upole. Lugha ilikuwa na maneno mengine mengi ya hali hiyo, kila moja na ngazi yake: *mtwana*, *kijakazi*, *mzalia*, *suria*, *hadimu*. *Mtumwa* ndilo lililokuja kuzijumuisha zote, na linataja kiini cha uhusiano kama ulivyoonekana na jamii: mtu ambaye nia ya mwendo wake iko kwa mwingine. Katika uchumi wa pwani wa karne ya 19 hali hiyo haikuwa ya shambani tu. Wako waliotumwa bara na bidhaa za mabwana zao wakaenda miezi mingi bila kusimamiwa, na wako waliotolewa mjini kufanya kazi ya ujira na kurudisha sehemu ya kipato. Neno *kibarua*, ambalo leo ni la kila mfanyakazi wa kutwa, lilianzia kwenye kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya namna hiyo. Umbali kati ya bwana na mtumwa haukuwa uhuru, na kitenzi *tuma*, ambacho hakimtaki mtumaji aende, kiliuelezea umbali huo vizuri kuliko *miliki*.

Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922. Msamiati haukufutwa pamoja nayo. Adam Shafi katika *Kasri ya Mwinyi Fuad* alimpa mtumishi wa bwana wake jina la Kijakazi, na msomaji haelezwi kwamba ni neno la utumwa, anatarajiwa kulisikia. Kwa upande mwingine Shaaban Robert katika *Kusadikika* aliwaita watu sita waliotumwa nchi za mbali na kurudi kuadhibiwa *wajumbe*. Maneno mengine mawili ya waliotumwa hayakumfaa: moja lilikuwa la juu mno, jingine la chini mno. Kwamba mwandishi mwenye masikio kama yake alilazimika kutoka nje ya mzizi *tum-* ili kumtaja mtu aliyetumwa na nchi yake ni ushahidi mzuri wa kimya wa jinsi mzizi huo ulivyopasuka.

Wafasiri wanapokimbia neno

Barua ya Paulo kwa Warumi inaanza kwa mwandishi kujitambulisha kwa sifa mbili. Kigiriki kinatumia maneno mawili yasiyo na undugu wowote. Tafsiri ya Biblia ya Kiswahili ya Union (1952) iliweka *mtumwa* kwa la kwanza na *mtume* kwa la pili. Hivyo msomaji wa Kiswahili anapata kitu ambacho msomaji wa Kigiriki hakuwa nacho: mtu mmoja aliyetumwa mara mbili, kwa umbo la chini na kwa umbo la juu, katika mstari mmoja. *Habari Njema* iliyofuata ikaweka *mtumishi* mahali pa *mtumwa*.

Sababu ya badiliko hilo inaeleweka, na mchungaji anayesoma mbele ya waumini ambao bibi zao walizaliwa utumwani ana haki ya kuchagua. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mfasiri hakutoka katika nyumba, amehama chumba. *Mtumishi* ni wa *tumika*, na *tumika* ni wa *tuma*. Kilichopotea ni ukali wa neno la Kigiriki, ambalo lilimaanisha mtu anayemilikiwa, na kilichopatikana ni neno ambalo katika Kiswahili cha leo linaleta picha ya ofisi ya serikali, likizo ya mwaka na kiinua mgongo. Mtumishi wa umma ana mkataba. Paulo hakuwa akizungumzia mkataba.

Waislamu wamelitatua tatizo hili kwa njia nyingine, kwa kutumia *mja* kwa uhusiano wa mtu na Mola wake na kuliacha *mtumwa* kwa uhusiano wa mtu na mtu. Mgawanyo huo ni wa kale na una manufaa ambayo wafasiri wa Kikristo hawakuyachukua, ingawa neno lilikuwa mbele yao.

Kwa watungaji wa kamusi

Pendekezo langu ni dogo. Vidahizo vibaki vilivyo, lakini *tumia* kiwe na maana zake mbili chini ya kidahizo kimoja, ile ya 'pelekea' ikitangulia, na zote zielekezwe *tuma*. *Tumika* zitenganishwe kuwa mbili kwa nambari, kila moja ikionyesha mzazi wake. *Mtume*, *mtumwa*, *tume* na *utume* zielekezwe *tuma*. *Mtumishi* na *utumishi* zielekezwe *tumika* ya kwanza. *Matumizi* ielekezwe *tumia*. *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya BAKITA (2015) imeonyesha kwamba kamusi nene inawezekana, na rejeleo la neno moja halichukui hata nusu ya mstari. Wanafunzi wanaofasiri hati za mahakama za enzi ya ukoloni, ambamo *mtumwa*, *mtumishi* na *kibarua* hutajwa katika ushahidi wa mtu mmoja na mara nyingi kwa mtu yuleyule, wanalihitaji rejeleo hilo kuliko mtu mwingine yeyote.